Niletee Waliokufa

Mtu akikuuliza habari, unajibu salama. Hivyo ndivyo nilivyolelewa kwetu Jilore, na sidhani kuna mtoto wa pwani aliyelelewa vingine. Nyumba iwe inaungua, mume awe ametoroka, jino liwe linakutoa machozi: kwanza ni salama, halafu njema, halafu watoto hawajambo, na mkishakaa na maji ya kunywa yakaletwa, ndipo unapotaja moto. Mimi naona ni adabu nzuri, na wanangu nitawafunza hivyo hivyo. Ila adabu hiyo nusura initoe shambani mchana kweupe, na nimeamua kueleza mwenyewe ilivyokuwa, maana majirani wanaisimulia vibaya. Wanasema niliokolewa na glasi ya meno. Glasi ilisaidia, sikatai. Lakini haikuanza na glasi.

Jina langu Nyevu. Nafuga vipepeo.

Cheka kwanza, nitakungoja. Baba yangu mdogo, Mzee Mwambire, alicheka siku mbili. Nilimweleza kwamba ng'ambo kuna nyumba kubwa za vioo, watu wanaingia kwa kiingilio kutazama vipepeo wakiruka, na kwa kuwa kipepeo haishi sana, kila wiki wanahitaji wapya. Hawasafirishwi wakiwa na mabawa. Wanasafirishwa wakiwa pupa, yaani kiwavi akishashiba majani hujivua ngozi, akajifungia ndani ya ganda gumu na kulala humo wiki mbili, hali, haendi haja, hasumbui mtu. Sisi tunaokaa ukingoni mwa msitu tunafuga, kituo kule Malindi kinapokea, ndege inachukua. Baba mdogo akaniuliza kama huyo kiwavi ninayemsema ni yule yule anayemalizia midimu majani. Nikamwambia ndiye. Akaniuliza kama nina homa.

Shamba lilikuwa lake. Upande wa chini, unaopakana na msitu, marehemu bibi alipanda midimu kumi na mmoja, na Baba mdogo alikuwa na hamu ya kuing'oa apande mahindi. Nilimsihi mpaka sauti ikanikauka. Mwishowe akasema, "Sikiza, mwanangu. Masika yakianza, naingia na jembe. Kama kabla ya hapo hicho kituo chako kimekuandika jina, midimu ni yako, sitaigusa tena. Kama hakijakuandika, naing'oa na nisisikie kilio."

Kituo nacho kilikuwa na sharti lake. Mfugaji mpya anapewa nafasi moja. Mimi nilipewa Jumanne ya katikati ya Machi: pupa arobaini za kipepeo wa mdimu, nzima, kabla ya saa sita mchana. Ukileta thelathini na tisa, jina haliandikwi, na nafasi anapewa mwingine.

Nilianza peke yangu, kwa kiburi changu chote. Kundi la kwanza la viwavi lilitafunwa na siafu, lote, na asubuhi nikakuta neti tupu inapepea. Nililia kwa hasira, nikaosha uso, nikaenda kwa Mama Joram.

Mama Joram jina lake Easter, Mkamba wa Kitui. Aliletwa Jilore na mumewe aliyekuwa askari wa msitu, mume akafariki, mtoto wao Joram akahamia Mombasa kikazi, yeye akabaki na vipepeo wake, sasa yapata miaka ishirini. Kituoni wanasema hakuna anayemfikia. Huku kwetu wanasema hana adabu. Nilifika kwake, nikapiga hodi, nikaamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unataka nini?"

Hivyo tu! Hata kiti hakunipa. Damu ilinichemka, lakini mwenye shida ni mimi, nikameza mate. Nikamwambia nataka anifundishe.

"Mimi sina shule," akasema. Aliingia ndani, akatoka na kopo tupu la mafuta ya kupikia, lenye kifuniko. "Kila Jumamosi uniletee waliokufa. Wote."

"Na walio hai?"

"Walio hai wanajua kazi yao."

Nilirudi nyumbani nikimtukana kimoyomoyo. Nani anafundishwa ufugaji kwa maiti? Lakini nilianza kundi jipya la viwavi, na Jumamosi nikampelekea waliokufa watatu. Akawamwaga kwenye sahani nyeupe, akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akawageuza na kijiti cha kiberiti, polepole, na mimi nikajikuta nimeinama karibu naye mpaka vichwa vikagongana.

"Huyu unaona katundu hapa ubavuni? Ni nyigu. Neti yako imetoboka mahali, ukatafute. Huyu amekauka, umempa majani ya jana. Wewe unakula ugali wa jana kila siku? Na huyu ameliwa na sisimizi. Miguu ya kizimba umesimamisha wapi?"

"Chini."

"Weka kila mguu ndani ya kopo, utie oili chafu. Enda."

Nikaenda. Nikatafuta tundu la neti, nikalipata, dogo la kupita kidole. Nikatia oili. Nikaanza kuchuma majani kila alfajiri, mabichi, ya umande. Jumamosi iliyofuata maiti walikuwa wawili, na iliyofuata mmoja, na ninavyokwambia, nilikuwa nafika kwa Mama Joram nikikimbia! Nilikuwa nimeanza kuwasoma mwenyewe njiani, nikifungua kifuniko na kubashiri, huyu nyigu, huyu amedondoka, na nikipatia, mama yule alikuwa anatoa sauti fupi puani ambayo nilikuja kujua kwamba ndiyo sifa yake. Nyumbani nilikuwa na viwavi tisini na sita. Wakiwa wachanga wanafanana na mavi ya ndege, samahani lakini ndivyo walivyo, kisha wanageuka kijani, wananenepa, na ukimgusa mmoja anachomoza pembe mbili nyekundu kichwani zenye harufu kali. Niliwapenda pembe na harufu yao. Nilikuwa nawaamkia asubuhi.

Sasa ndiyo nafika penye aibu.

Mama Joram aliniambia kwamba Jumamosi ijayo Nicholas, kijana wa kituoni anayepokea pupa na kuandika majina, angepita kwake. Niliposikia hivyo nikashona kanga mpya pindo. Na Jumamosi ile ile, asubuhi, nikakuta maiti tisa kizimbani. Si wakavu. Walikuwa weusi, laini, wengine wananing'inia kwa miguu ya nyuma vichwa chini, wananuka. Tisa! Niwapeleke mbele ya Nicholas? Mgeni aje, nimpokee na uvundo? Nilisimama na kopo mkononi nikaona njia moja tu ya mtu mwenye heshima zake. Nikawamwaga chini ya midimu ya bibi, nikaosha kopo, nikalikausha kwa pindo la kanga.

Nicholas alikuwa ameketi kibarazani anakunywa chai.

"Habari za wadudu?" Mama Joram akauliza.

"Salama."

"Kopo?"

"Wiki hii hakuna aliyekufa."

Nicholas akasema hongera, akasema hajawahi kusikia mfugaji mpya akimaliza wiki bila kifo. Nikatazama chini kwa haya, na moyo ulivimba kwa furaha kana kwamba ni kweli. Mama Joram alinitazama, akaangalia lile kopo safi, akamwongezea Nicholas chai.

Wiki iliyofuata walikufa kumi na wanne. Ningesemaje, na nilishasifiwa? Nikamwaga pale pale, nikaenda na kopo tupu. "Habari za wadudu?" "Salama." Tayari uongo ulikuwa unatoka bila kubisha hodi. Halafu Alhamisi, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili kufika Jumanne ya kituo, nikafungua kizimba na harufu ikanirudisha nyuma. Ishirini na wawili. Wengine walikuwa wameyeyuka, wakidondosha maji meusi juu ya wenzao waliokuwa bado wanakula. Nikahesabu wazima: hamsini na mmoja. Nikajua kwa mwendo ule nitafika Jumanne na kizimba kitupu.

Nilijaza kopo, nikatoka mbio, kanga mkononi, ndara moja nikaiacha kwenye tope. Mama Joram alikuwa anawarushia kuku mtama.

"Habari za wadudu?"

Na unajua nilijibu nini? Nikiwa natweta, machozi yananitoka, kopo linanuka mpaka kuku wanageuka, nilifungua mdomo nikaanza, "Sal..." Kifuniko cha kopo kikaruka chenyewe kwa uvundo.

Mama Joram alinisogelea. Alipiga magoti, akatazama, akanusa. "Wa kwanza walianza lini?"

Nikajifuta machozi kwa kanga.

"Nyevu. Lini?"

"Siku ile ya Nicholas."

"Na hao uliwatupa wapi?"

"Chini ya midimu."

Mama Joram akakaa chini kabisa, kwenye vumbi, mtama ukamwagika. "Na Jumapili mvua ikanyesha," akasema. "Matone yanapiga udongo, udongo unarukia majani ya chini, na wewe unachuma majani ya chini kwa sababu ndiyo unafikia. Huu ni ugonjwa, msichana. Kiwavi mmoja anatosha kuambukiza mti. Umechukua waliokufa ukawalisha walio hai, kwa mkono wako mwenyewe, eti unaona haya!" Sasa alikuwa anapiga kelele, na mimi nilitaka ardhi ipasuke. "Mimi nilikuambia uniletee nini? Nilisema uniletee sifa? Nilisema uniletee salama? Hii salama yenu mtazikwa nayo!"

Nikalia. Akaniacha nilie mpaka basi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na kuku, "Mwaka wangu wa kwanza walikufa mia mbili. Hivi hivi, weusi. Nilimficha mume wangu, nikamficha kila mtu."

"Ni nani aliyekueleza sababu?"

"Hakuna. Sikuwa na mtu wa kumpelekea kopo. Ilinichukua miaka mitatu kujua." Akainuka, akajikung'uta. "Wewe umechelewa wiki mbili tu. Simama. Wamebaki wangapi?"

"Hamsini na mmoja."

"Kila mmoja apate nyumba yake. Kopo lake, jani lake, mlango wake. Akiugua, augue peke yake. Na majani ya kwako usiguse tena, tafuta ya mbali, uyaoshe."

"Nitatoa wapi makopo hamsini na moja?"

"Kwa watu."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba wanakufa," akasema, na akarudi kwa kuku wake.

Nilitembea hadi bombani nikiwa na ndara moja. Wanawake walikuwa wamepanga foleni ya mitungi, na aliyetangulia kuniona ni Kabibi, jirani yangu, mwenye mdomo wa kufika Malindi bila nauli. "Nyevu! Habari za wadudu?" Alikuwa ananitania, wote walikuwa wananitania miezi yote ile, na mimi miezi yote ile nilikuwa nawajibu kwa madaha.

"Wanakufa," nikasema.

Bomba likawa linamwaga maji tu. Nikaendelea, maana nikinyamaza ningekimbia. Nikasema wamekufa arobaini na watano, kosa ni langu, niliwaficha, Jumanne ya wiki ijayo isiyo hii ndiyo siku yangu, na bila makopo na majani masafi Baba mdogo anaingia na jembe. Sikuwahi kusema mambo mabaya yote kwa mfululizo namna ile, bila hata njema moja katikati.

Kabibi akafunga bomba. "Sasa kinachokuliza ni makopo?" akasema. "Si ungesema zamani! Mimi peke yangu nina saba chini ya kitanda. Itisha mweria."

Mweria, kwa asiyejua, ni ule utaratibu wetu wa kuitana: mwenye kazi nzito ya shamba anawaita majirani, wanaifanya kwa siku moja, yeye anapika. Watu wameitana kulima, kujenga, kuvuna. Kwa ajili ya viwavi, hakuna aliyewahi. Lakini Jumamosi asubuhi walikuja! Waliingia uani wakiimba na kucheka, mikononi makopo ya siagi, chupa za soda zilizokatwa shingo, vibuyu, bakuli la plastiki lisilo na sikio, na kila mmoja kwapani ameshika matawi ya ndimu kutoka kwao. Nilipika wali wa nazi na kunde sufuria mbili, na kwa furaha chumvi nikatia mara mbili. Mama Joram alisimama mlangoni na beseni la maji ya sabuni, hapiti mtu bila kunawa hadi viwiko. Akina mama waliolima maisha yao yote bila kuogopa nyoka walikuwa wanapiga mayowe kiwavi akichomoza zile pembe. Kufikia adhuhuri tulikuwa na nyumba hamsini zimepangwa juu ya mkeka kivulini, kila moja na mpangaji wake na kitambaa juu.

"Hamsini," akasema Mama Joram. "Na huyu?"

Kiwavi mmoja alikuwa amebaki kwenye kiganja changu. Hapakuwa na kopo tena. Baba mdogo Mwambire alikuwa amesimama kando ya ua tangu asubuhi, mikono nyuma, amekuja, alisema, kupima mistari ya mahindi. Alitazama kiwavi, akatazama umati uliokusanyika kwenye shamba lake, akakohoa. Akaingia nyumbani kwake. Alipotoka alikuwa ameshika glasi, na mashavu yake yalikuwa yamebonyea. Baba mdogo ana meno ya kuvaa, na glasi ile ndiyo malazi yake.

"Nirudishiwe Jumatano, ukishatoka kituoni," akasema, meno yakiwa mfukoni. Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani hata tembo wa msituni waligeuza masikio.

Siku zilizofuata sikuwa binadamu wa kawaida. Nilinawa mpaka ngozi ya vidole ikachubuka. Kila alfajiri nilikuta matawi mapya yametundikwa mlangoni, sijui na nani. Wengine walikufa, ndiyo, lakini sasa kila mmoja alikufa kwenye kopo lake, na jirani yake akaendelea kutafuna. Waliokufa niliwapeleka kwa Mama Joram siku hiyo hiyo, bila kungoja Jumamosi, na tuliwachoma pamoja. Kisha wa kwanza akaacha kula. Akapanda kijiti, akajifunga mkanda wa uzi kiunoni, akatulia, na kesho yake akawa pupa, kijani kibichi, nzuri ajabu. Nilipiga ukelele Kabibi akaja na mwiko. Siku ya pili pupa sita. Siku ya nne ishirini na tatu!

Kufika Jumanne asubuhi walikuwa wamekufa kumi na mmoja, na pupa zilikuwa thelathini na tisa. Wa arobaini ni yule wa kwenye glasi. Alikuwa amejifunga mkanda wake, ametulia, lakini bado kiwavi. Mama Joram aliinama akamtazama kwa miwani ya uzi.

"Leo," akasema. "Saa ngapi, siwezi kujua. Nenda naye."

"Twende wote, Mama."

"Nikija watasema pupa ni za Easter. Nenda na zako."

Pupa nilizilaza juu ya pamba kwenye sanduku la viatu, nikalipakata kwenye bodaboda. Glasi ilihitaji mikono ya mtu mwingine, na kabla sijasema, Baba mdogo alikuwa ameshapanda nyuma yangu. "Ni glasi yangu," akasema. Mawingu yalikuwa yameshuka mazito upande wa msitu, masika yenyewe, na jembe lake nilikuwa nimeliona limeegemezwa ukutani, limenolewa. Njia nzima hadi Malindi alikuwa anamfokea dereva apunguze mwendo kwenye mashimo, mkono mmoja ameshika glasi, wa pili ameufanya mwavuli.

Tulifika kituoni, karibu na Barani, saa tano na dakika ishirini. Nicholas akazipanga pupa mezani, akaziinua moja moja, akazitazama mwangani. Hakukataa hata moja. "Thelathini na tisa," akasema. Niliona alivyosikitika, na huruma yake ikanichoma zaidi.

Baba mdogo akaweka glasi mezani. "Arobaini."

"Mzee, huyu bado ni kiwavi."

"Unafunga saa ngapi?"

"Saa sita."

"Basi mbona una haraka?"

Nikavuta kiti. Wafugaji wengine wawili waliokuwa wameleta mizigo yao wakasogea, kisha mama wa chai, kisha dereva wetu wa bodaboda aliyesahau kwamba ana kazi. Saa tano na nusu. Saa tano na dakika arobaini. Kiwavi kimya. Mvua ikaanza kugonga bati, tone, tone, halafu yote kwa pamoja, na nikajua huko Jilore udongo unalowa. Nilishika ukingo wa meza. Sikuomba kwa maneno, nilimtazama tu. Baba mdogo aliinama mpaka pua ikagusa glasi, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Haya, baba. Vua."

Mgongo ukatikisika. Nilidhani ni macho yangu. Ukatikisika tena, na nyuma ya kichwa ngozi ikapasuka mstari mwembamba, na ndani yake kijani kikang'aa! "Anavua!" dereva akapiga kelele. Ngozi ikateremka, ikakunjika, ikafika kwenye ule mkanda, ikakwama, akajipinda mara moja, mbili, ikapita. Ikadondoka chini ya glasi, kitambaa cheusi kidogo. Na kwenye kijiti, laini na mbichi, ikabaki pupa ya arobaini. Saa ya ukutani ilisema sita kasoro dakika nne.

Sikumbuki vizuri nilichofanya. Wananiambia nilimbeba Baba mdogo. Yeye alikuwa anacheka kwa ufizi mtupu, analia papo hapo, anamwambia kila mtu kwamba glasi ni yake. Nicholas aliifunika pupa ile peke yake ikauke hadi kesho, akavuta fomu, akaandika: Nyevu, Jilore. Kisha akauliza yaliyobaki.

"Waliokufa? Hapa wengi wanasema hakuna."

"Hamsini na sita," nikasema. "Wa kwanza tisa walikufa wiki ile uliponipa hongera. Nilikudanganya."

Akainua kichwa, akanitazama, akatabasamu. "Basi wewe ni wa Mama Joram kweli," akasema, akaandika hamsini na sita.

Jembe la Baba mdogo lililima upande wa juu. Midimu haikuguswa, na kwa kuwa nilikata matawi ya chini yote na kuyachoma, ilichipua kwa fujo. Sasa napeleka pupa kila wiki mbili, na glasi nilirudisha Jumatano kama tulivyoagana, imeoshwa kwa maji moto mara tatu.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, nilisikia hodi. Alikuwa Mama Joram. Hajawahi kuja kwangu bila kuitwa, mimi ndiye huenda kwake. Alisimama mlangoni amevaa leso yake ya kanisani, mkono mmoja nyuma ya mgongo.

"Shikamoo, Mama. Karibu kiti. Habari za wadudu?"

"Salama," akasema.

Tukatazamana. Mkamba wa Kitui, mwanamke aliyenifokea mbele ya kuku wake kwa neno hilo hilo! Nikaona uso wake umechoka, miwani ina ukungu. Sikucheka. Nikamnyooshea mkono.

Akalitoa kopo. Nikafungua, nikawamwaga kwenye sahani nyeupe, nikachukua kijiti cha kiberiti. Pupa nane, zimekuwa za kahawia, na kila moja ina vitundu vidogo vidogo ambavyo sikuwahi kuviona.

"Macho yangu hayanisaidii siku hizi," akasema. "Sijui ni nini hii."

"Hata mimi sijui, Mama. Tutajua." Nikazigeuza polepole, mpaka vichwa vyetu vikagongana. "Ndio wote hawa?"

Akaangalia midimu.

"Wengine nimewaacha nyumbani," akasema.

"Twende tukawachukue," nikasema, nikatafuta ndara zangu.